Nilivyoifasiri Picha ya Zanana

Fomu ilikaa siku kumi na mbili juu ya meza ya baba, chini ya kichupa cha mafuta ya saa. Baba ni fundi saa. Meza yake iko chumba cha mbele, dirisha likiangalia njia, na hapa mtaani Kuze hakuna apitaye bila kuingiza kichwa, asalimu, aulize kama saa yake i tayari. Kila asubuhi nilipompelekea kahawa niliitupia jicho ile karatasi. Nafasi ya jina langu ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nafasi ya sahihi ya mzazi ilikuwa tupu.

Ilikuwa fomu ya chuo cha ualimu, huko bara, miaka miwili, kwa kulala huko huko. Mwalimu wetu wa Kiingereza, bibi mmoja wa Kizungu aliyetembea na mwavuli jua na mvua, alisema irudi kabla ya mwisho wa mwezi. Baba hakukataa. Alisema, "Nitaiangalia," na hilo ndilo neno analowaambia watu ambao saa zao zimeingia maji ya bahari.

Kwetu baba ndiye atiaye sahihi na nyanya ndiye aamuaye. Nyanya ni mamake baba. Siku ile fomu ilipoingia nyumbani, baada ya chakula cha mchana, nilimsikia akimwambia baba, "Mwache ende. Huyu mtoto hana kinywa. Labda akisimama mbele ya watoto wa watu atakipata." Baba alisema tena ataiangalia, lakini sauti ilikuwa imelegea, na mimi nikajua kuwa ni suala la siku tu.

Ni kweli sikuwa na kinywa. Nikitumwa kwa jirani nilisimama mlangoni, hodi ikinikwama kooni, mpaka atoke mtu kwa shughuli zake anikute. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, maana skuli niliianza nimechelewa, na nilikuwa bado hivyo hivyo. Niliandika tu. Kila nilichokosa kukisema kwa mdomo nilikitia katika daftari la hesabu, upande wa nyuma, na ndiyo maana leo naweza kuyaeleza haya kwa mfuatano wake.

Skuli yetu ilikuwa upande wa Ganjoni. Tulikuwa tumebakisha wiki chache tumalize, na darasa zima lilikuwa kama watu waliopakia mizigo lakini hawajui gari linakwenda wapi. Walioposwa walikaa nyuma wakitarizi foronya chini ya dawati. Wasioposwa walilala. Siku moja yule mwalimu alituinua mmoja mmoja tuseme tutakuwa nani tukimaliza. Wa kwanza alisema, bibi harusi. Wa pili akasema atapumzika kwanza, na tukacheka mpaka mwalimu akagonga meza kwa mpini wa mwavuli. Rafiki yangu, binti wa mfanyakazi wa reli, watu wa bara waliokaa kwenye nyumba za reli, alisimama akasema atakuwa mwalimu, akaketi. Ikawa zamu yangu. Sauti haikutoka. Nikamwonyesha rafiki yangu kwa kidole, na mwalimu akaandika "mwalimu" mbele ya jina langu pia.

Hivyo ndivyo nilivyochagua kazi, kwa kukosa sauti. Lakini baada ya siku ile niliitaka kweli. Rafiki yangu alikuwa na dada aliyepita chuo kile, akatueleza kuwa chumba kimoja hulala watu wanne, na kila mtu ana meza yake. Meza ya mtu mmoja. Nyumbani niliandika juu ya mfuniko wa pipa la mchele, na kila mama alipotaka mchele nilipaswa kuinuka.

Sasa niseme habari ya zanana. Kila Jumatano alasiri sinema ilikuwa ya wanawake peke yao, na hilo ndilo tuliloliita zanana. Wanaume waliondoka mlangoni, hata muuza tikiti alikuwa mwanamke, na aliyebaki ni mzee mmoja wa Kihindi chumbani juu kwenye mashine, ambaye wanawake walikubaliana kumhesabu si mwanamume kwa kuwa haonekani. Mitaa yote ya Mji wa Kale ilimwagika. Mabuibui yaliingia sinema meusi, na ndani yakavuliwa, na pale kila mtu akawa na rangi yake. Watu walijifukiza udi kwa zanana kama kwa harusi. Walibeba kachiri za muhogo, mabuyu, achari, watoto wachanga. Picha ilikuwa ya Kihindi siku zote, na haikutaka mfasiri. Mama akilia watu walilia. Mkwe mbaya akitokea alitukanwa kwa Kiswahili mpaka atoke.

Mimi niliipenda zanana kwa sababu gizani hakuna anayekutaka useme.

Jumatano ile tulikwenda watatu kutoka nyumbani kwetu: nyanya, mke wa ami, na mimi. Mama alibaki. Mke wa ami ni mwanamke wa kelele, mkubwa wa mwili, ambaye akiingia mahali viti vinajua. Tulipofika tukakuta msongamano mlangoni. Mikanda ya picha ya Kihindi haikufika kwa treni. Muuza tikiti alisema kilichopo ndani ni picha moja ya Kiingereza tu, ile inayoonyeshwa wanaume usiku, ya kuchekesha, ya wanafunzi. Basi warudi wiki ijayo. Warudi wapi? Watu walikwisha kuvaa. Mke wa ami akasema picha ni picha, waiweke. Muuza tikiti akasema hamtaifahamu. Mke wa ami akanishika mkono akaninyanyua kama mtu aonyeshaye kuku sokoni.

"Tunaye wetu," alisema. "Huyu hapa yuasoma Kiingereza tangu hajaota meno."

Nikamtazama nyanya aniokoe. Nyanya alikuwa akitabasamu. Alisema, "Nenda, mwanangu. Sema kwa sauti."

Wakaniwekea kreti la soda kando ya pazia la picha, nikapanda juu yake. Taa zikazimwa. Nafikiri kama zisingezimwa mambo yasingekuwa. Giza lilinipa moyo wa mtu mwingine.

Picha ilikuwa ya vijana wanne, watu wazima wenye ndevu, wa chuo kikuu katika nchi fulani ya baridi. Wamebakisha mwezi mmoja wamalize masomo na hakuna anayesoma. Wanalala mchana, wanakunywa, wanawekeana masharti ya kipuuzi. Hawajui watakwenda wapi baada ya chuo, na katika picha ile hilo ndilo la kuchekesha. Mmoja anaulizwa na babake, utafanya nini maishani, naye anajibu kwa kupiga mbweu. Nilifasiri, na sinema ikacheka, na mimi pia nilicheka kidogo. Milango yote kwao imefunguliwa, nao wamekaa kizingitini wanapiga mbweu.

Mwanzo nilijichunga. Kijana mmoja alikuwa bustanini na mwanamke, nyuma ya maua, na walichokuwa wakifanya kilikuwa wazi.

"Wanasalimiana," nilisema.

Kisha sauti ikatoka nyuma, "Salamu gani hizo zisizo na mwisho?" Mwingine akasema labda waulizana habari za jamaa wote mmoja mmoja. Mwingine, mwanamke mzee, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, sisi tuna macho. Vitendo twajionea. Wewe tupe maneno."

Nikaanza kuwapa maneno. Taratibu kwanza, kisha si taratibu. Ikafika pale kijana mmoja anapoingia nyumba ya profesa kuiba karatasi za mtihani. Mke wa profesa anamkuta. Si msichana, ni mwanamke mzima aliyechoka na mumewe, naye badala ya kupiga kelele anafunga mlango. Mara profesa anarudi. Kijana anaingia uvunguni. Na profesa naye hakurudi peke yake, amerudi na mpishi wake wa kike, akidhani mkewe ametoka. Mke naye anajibanza nyuma ya pazia. Kitanda kinabonyea, kijana yumo chini yake anabanwa, na mke nyuma ya pazia anamnong'oneza kijana sentensi moja juu ya mumewe.

Ile sentensi niliifahamu. Kwa Kiingereza ilikuwa ndefu na baridi. Kiswahili chake kilinijia mara moja, tayari, neno moja, na hakikutoka kitabuni.

Hapa lazima nieleze. Kwetu harusi ikikaribia wanawake hupiga vugo. Pembe za ng'ombe zinagongwa kwa vijiti, nyimbo zinaimbwa, na katika nyimbo zile hakuna mwanamume anayesazwa, wala kiungo, wala aibu ya ndoa. Wanawake hucheka mpaka wakashika kuta. Sisi wanawali tumo humo humo. Tunakuna nazi jikoni, tunachambua mchele, tunasikia. Hakuna aliyewahi kushusha sauti kwa ajili yetu. Walituhesabu pamoja na vyungu. Mwanamwali husikia, hasemi; husema siku akiolewa. Sheria hii hakuna aliyenifunza kwa mdomo, kama vile hakuna aliyenifunza kuwa mkono wa kulia ndio wa kulia.

Na neno lililonijia lilikuwa neno la vugo. Nikalisema, kwa sauti.

Sinema ikaanguka. Sijasikia kicheko kama kile kabla wala baada. Watoto waliamka wakalia. Mke wa ami alipiga kiti cha mbele yake kwa viganja viwili, na aliyeketi kile kiti akapiga cha mbele yake. Na mimi, mtu wa kukwama hodi kooni, nilisimama juu ya kreti la soda, na kicheko chote kile kilikuwa changu.

Sitasema uongo katika daftari langu. Nililewa. Baada ya hapo sikuifasiri picha tena, niliicheza. Profesa nilimpa kikohozi cha mzee wetu muuza kahawa, na wakamjua kabla sijamaliza kukohoa. Mpishi nilimpa madaha ya bibi harusi. Kijana alipochomoka uvunguni na chupi yenye maua akapita katikati ya wakuu wa chuo waliokuwa wakifanya mazoezi ya sherehe, maneno yake yalikuwa machache. Ya kwangu yalikuwa mengi. Nilichota mle mle jikoni, ubeti baada ya ubeti. Wakati mmoja nuru ya picha iliwaangukia watu na nikamwona nyanya. Alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa pindo la buibui, machozi yanamtiririka, mabega yanamtikisika.

Mwisho wa picha vijana wote wanne walipasi na kurusha kofia zao hewani. Mwanamke mmoja akauliza, "Hawakusoma. Wamepasi vipi?" Nikasema sijui. Ilikuwa kweli.

Njiani mke wa ami alinishika mkono mpaka nyumbani. Alininunulia njugu. Kila mlango aliopita alisimama kusema, huyu hapa, huyu huyu, kumbe kinywa alikuwa amekificha. Nyanya alitembea nyuma. Nilidhani amechoka.

Alhamisi ilipita. Ijumaa palikuwa na shughuli ya harusi mtaa wa pili, wanawake wamekutana kuchambua mchele, na habari yangu ikachambuliwa pamoja nao. Sikuwako, lakini mama alikuwako, na aliporudi hakunitazama. Ndipo nikajua. Mwanamke mmoja, aliyekuwa sinema na akacheka kama wote, alisema kuwa kinywa cha binti wa fundi saa si kinywa cha mwanamwali. Mwingine akasema ndiyo hiyo skuli. Wa tatu akasema na bado wanataka kumpeleka bara akalale huko. Mama alisema walikuwa wakicheka bado, wakilikumbuka lile neno, huku wakisikitika. Wakicheka na kusikitika kwa pumzi moja. Jumamosi habari ilivuka ikaenda kwa wanaume, na baada ya sala ya alasiri ikamfikia ami barazani, kama vile hakuwa na mke aliyekuwako pale akipiga viti.

Jumapili alikuja. Walikaa chumba cha mbele: baba kwenye meza yake, ami kwenye kiti cha wateja, nyanya kitandani na tasbihi yake. Mke wa ami alikuja naye, akaketi kando ya mlango, buibui limemfika nyusi, kimya kama mgeni. Mama alikuwa nyuma ya pazia la ndani. Niliona vidole vyake. Mimi niliitwa nikasimama. Fomu ilikuwa pale pale, chini ya kichupa. Ilibaki siku nne mwezi uishe.

Ami alisema kwanza, na alisema sana. Kwamba yeye hapingi elimu. Kwamba hao Wazungu wamekwenda lakini wameacha skuli zao ziwamalizie kazi. Kwamba msichana akijua Kiingereza anajua na kilichomo ndani ya Kiingereza. Baba alimngoja amalize, kama anavyowangojea wateja wenye maneno mengi. Kisha akavua ile lenzi yake jichoni, akaiweka mezani, akanigeukia.

"Ulisema maneno hayo?"

"Nilifasiri, baba."

"Sikukuuliza ulifanyani. Nakuuliza, yalitoka kinywani mwako au hayakutoka."

"Yalitoka."

Baba hakuonyesha hasira. Ingekuwa nafuu. Alimgeukia nyanya, na kwa adabu ile ile anayosema naye siku zote akauliza, "Mama, wewe ulikuwako. Mwanamwali maneno kama hayo ameyapata wapi?"

Hakuna mwanamke chumbani mle ambaye hakujua jibu. Mke wa ami alijua. Vidole vya mama kwenye pazia vilijua. Nyanya alijua kuliko wote, maana katika ujana wake yeye ndiye aliyekuwa mwenye vugo, anaanzisha yeye na wengine wanaitikia, na hata leo harusi haiwi harusi mpaka ashikishwe pembe na kijiti, akatae mara mbili, kisha akubali. Lile neno hasa, lililoiangusha sinema, nililisikia kwake. Nilikuwa na miaka tisa, nikikuna nazi karibu na goti lake.

Tasbihi ilikwenda punje tatu. Nilizihesabu.

"Huko huko skuli," nyanya alisema.

Nilimtazama. Yeye aliitazama tasbihi. Na watu wasidhani kuwa nilinyamaza kwa haya, kwa kuwa siku ile sauti nilikuwa nayo. Tangu Jumatano ilikuwa kooni tayari, kama maji yaliyofunguliwa. Ningeweza kusema, nimeyapata kwako, nyanya, jikoni, na ubeti unaofuata ni huu. Lakini ningemwambia hivyo mbele ya wanawe wawili. Wanaume wale wawili wamezeeka wakiamini kuwa vugo ni nyimbo za kumwombea heri bibi harusi. Nyanya alikuwa ameshika siri ya wanawake wote wa Kuze mkono mmoja, na mimi mkono wa pili, na mmoja lazima aachiliwe. Nilielewa kwa nini aliniachilia mimi. Kuelewa hakukunisaidia kitu.

Ami alisema, "Umesikia, ndugu yangu." Mke wa ami alikohoa kidogo.

Baba aliinua kichupa. Aliichukua fomu, akaisoma mara moja tena, mpaka chini, penye nafasi tupu. Kisha akaigeuza, upande mweupe juu, akailaza mbele yake, na juu yake akamimina magurudumu na parafujo za saa aliyokuwa ameifungua. Ilikuwa karatasi nzito, nyeupe, nzuri kwa kazi hiyo. Vitu vidogo vilionekana vyema. Akarudisha lenzi jichoni.

Mtihani waliniacha nifanye, kwa sababu ulikuwa umekaribia, lakini mama alinipeleka na kunichukua kila siku kama mtoto mdogo wa chuo cha Kurani. Mwalimu aliponidai fomu nilimwambia baba hakukubali. Alitaka kujua sababu. Ningemwelezaje? Kwa Kiingereza nisingekosa maneno, nilikuwa nayo yote. Akasema atakuja nyumbani azungumze na baba, na nilimkataza kwa haraka hata akanishangaa. Nilikuwa nimemwona tayari, amesimama na mwavuli wake mbele ya ile meza, na baba anamuuliza kwa adabu kama ni yeye anayetufunza maneno yale.

Rafiki yangu aliondoka kwa treni mwezi wa kwanza. Sikwenda kumuaga, nilikuwa sitoki. Aliniandikia barua moja. Kitanda chake kiko dirishani, meza yake ina droo yenye ufunguo, na kitanda cha nne, aliandika, bado hakina mtu. Nilimjibu kuwa mimi ni mzima na nyumbani wote hawajambo. Hilo nililifasiri vizuri kabisa.

Matokeo yalipokuja, Kiingereza nilipata alama ya juu kuliko wote darasani. Baba alisema, "Alhamdulillahi," akauliza kama kahawa i tayari. Fomu ilikuwa bado mezani mbele yake. Imeingia matone ya mafuta.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini mikanda ilichelewa tena, na Jumatano moja mke wa ami aliingia kwetu anahema, anavaa huku anasema. Picha ni ya Kizungu. Watu wamejaa. Wamesema bila mimi hawaingii.

Sikuamini. Nikamwambia, "Mama mdogo, si mlisema kinywa changu si cha mwanamwali?"

"Hayo yamekwisha," alisema. "Na kilichoharibika kimeshaharibika. Njoo, mwanangu, usiwakatishe watu starehe."

Nyanya alikuwa akivaa viatu. Hakunitazama. Alisema tu, "Nenda, sema kwa sauti," kama mara ile, neno kwa neno.

Nikaenda. Ungekataaje? Kreti lilikuwa limewekwa tayari. Nikapanda, taa zikazimwa, na nikawangojea. Ilikuwa picha ya mapenzi, na haikuchukua muda mrefu kabla mwanamume na mwanamke hawajaingia nyuma ya mlango.

"Wanasalimiana," nilisema.

Wakacheka, wakingoja. Walidhani najipasha moto. Baadaye mwanamke alimpiga mwanamume kofi, akalia, akamwambia maneno mengi na machungu. "Wanasalimiana," nilisema. Mume wake akaingia na bastola. Wanasalimiana. Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema kwa ukali nishushwe kretini, mwingine akauliza nimerogwa na nani. Mimi nikaendelea, kwa sauti ya juu, safi, ile ya kusomea darasani. Maiti ilipobebwa nikawaambia kuwa sasa wanaagana, lakini punde watasalimiana tena.

Nilitaka waone. Nilitaka hata mmoja wao apate aibu. Na kwa dakika chache sinema ilikuwa kimya, nikadhani nimeweza.

Kisha mwanamke mmoja gizani akarudia, polepole, kama mtu anayeonja kitu, "Wanasalimiana." Na wa pili. Na mke wa ami akapiga kiti. Wakacheka kuliko hata siku ya kwanza, na kila kilichotokea kwenye picha walikisema wao wenyewe, wote kwa pamoja, wanasalimiana, hawakunihitaji tena. Nilishuka kretini na hakuna aliyeona.

Siku hizi ni neno la Kuze nzima. Mtu akionekana na mke wa mtu, wanasalimiana. Mume na mke wakitupiana sahani, wanasalimiana. Linaimbwa hata katika vugo. Nyanya amelitungia ubeti. Jana jikoni alikuwa akimpa mama habari ya jirani wetu na mpangaji wake, akafika mahali, akasita, akalisema hilo neno, na wakacheka wote wawili mpaka mama akashika ukuta. Kisha nyanya akaendelea na habari yenyewe, yote, bila kuacha kitu.

Mimi nilikuwa mle mle, nikichambua mchele. Hawakushusha sauti.